Mary Ainsworth

Mary Dinsmore Ainsworth (jina la kuzaliwa: Mary Dinsmore Salter, Glendale, Ohio, 1 Desemba 1913 – Charlottesville, Virginia, 21 Machi 1999) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani na Kanada. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya mfungamano, yaani uhusiano wa pekee unaojengeka kati ya mtoto mchanga na mtu anayemlea, na kwa jaribio liitwalo Hali Ngeni ambalo hutumika katika nchi nyingi kuuchunguza uhusiano huo.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki maisha yake yana jambo la ziada. Msingi wa kazi yake haukuwekwa katika maabara ya Ulaya wala Marekani, bali katika nyumba za wakulima wa Buganda, karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955. Kabla ya kufika huko alikuwa mtaalamu wa vipimo vya haiba: vile vya karatasi na kalamu, na vile vya madoa ya wino. Uganda aliviweka kando, akakaa chini na kutazama.

Utoto na masomo

Mary alikuwa wa kwanza kati ya mabinti watatu wa Charles Salter na mkewe Mary. Wazazi wote wawili walikuwa wamesoma chuo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa wakati ule. Mwaka 1918 familia ilihamia Toronto, Kanada, kwa sababu ya kazi ya baba. Mary alijua kusoma akiwa na umri wa miaka mitatu, na kwenda maktaba kila wiki kulikuwa sehemu ya maisha ya nyumbani. Alikuwa karibu na baba yake, aliyekuwa akimlaza usiku na kumwimbia, kuliko mama yake. Waandishi wengi wa habari zake hulitaja jambo hilo kana kwamba linaeleza kila kitu kilichofuata. Lakini wapo watu wengi waliokuwa na utoto kama huo na hawakuwa wanasaikolojia.

Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall juu ya tabia na mwenendo wa maisha. Kabla ya hapo hakuwa amefikiri kwamba mtu anaweza kutafuta ndani yake mwenyewe sababu za mambo anayoyahisi na kuyatenda. Mwaka uliofuata aliingia Chuo Kikuu cha Toronto, na huko alipata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya uzamili mwaka 1936 na ya uzamivu mwaka 1939, zote katika saikolojia.

Mwalimu aliyemwathiri zaidi alikuwa William Blatz. Huyu alifundisha kwamba mtoto mdogo anahitaji kwanza kuwategemea wazazi wake bila wasiwasi, na kwamba kutokana na usalama huo ndipo anapata ujasiri wa kwenda kujaribu mambo mapya. Kumtegemea mzazi na kujitegemea si mambo yanayopingana. La kwanza huzaa la pili. Wazo hilo Mary alilibeba maisha yake yote.

Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu namna ya kuupima usalama huo kwa watu wazima. Alitunga hojaji ambazo wanafunzi wa chuo walizijaza wenyewe, wakieleza hisia zao kuhusu familia na kuhusu watu wa nje. Kisha akafanya jambo ambalo watungaji wengi wa hojaji hawajisumbui kulifanya: alizilinganisha alama zao na simulizi za maisha ambazo wanafunzi haohao walikuwa wameandika kwa maneno yao wenyewe. Alitaka kujua kama alama inasema kweli.

Jeshini na katika elimu ya vipimo

Vita vikuu vya pili vilipoendelea, mwaka 1942 alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wanawake waliojiandikisha, kuwapa majaribio na kupendekeza kila mmoja afanye kazi gani. Alipanda hadi cheo cha meja mwaka 1945. Ni shule nzuri ya vipimo, kwa maana katika jeshi makosa ya mpimaji huonekana mapema: aliyepelekwa mahali pasipomfaa hurudishwa.

Baada ya vita alirudi Toronto kufundisha saikolojia ya haiba. Ili aweze kufundisha upimaji wake vizuri, alihudhuria mafunzo ya Bruno Klopfer juu ya jaribio la Rorschach, na akajitolea kufanya upimaji katika hospitali ya askari waliotoka vitani. Mwaka 1954 jina lake lilitokea pamoja na la Klopfer na wenzake kwenye kitabu kikubwa kuhusu jaribio hilo, na kwa miaka mingi wataalamu wa Rorschach walimfahamu kwa sababu hiyo tu.

Hapa inafaa kueleza vipimo vyenyewe, kwa kuwa vimechanganywa mara nyingi, hata na walimu.

Vipimo vya uwezo vilianza kwa maana yake ya kisasa mwaka 1905, Alfred Binet na Theodore Simon walipotengeneza huko Paris orodha ya maswali na kazi ndogondogo, kuanzia nyepesi hadi ngumu, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Jibu huwa sahihi au si sahihi, na mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri uleule. Kwa watoto wachanga, wasioweza kujibu swali, Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale aliandaa orodha ya hatua za makuzi: kukaza shingo, kukaa, kushika kitu kwa vidole, kusimama, kutamka. Swali la vipimo hivi vyote ni moja: mtoto amefika wapi ukimlinganisha na wengine?

Vipimo vya haiba havina jibu sahihi, na ni vya aina kuu mbili. Katika hojaji mtu hujieleza mwenyewe kwa kukubali au kukataa sentensi alizopewa. Ni rahisi, ni nafuu, na watu mia wanaweza kupimwa kwa saa moja. Lakini anayejibu anaweza kusema lile analodhani linapendeza, au kujidanganya bila kujua. Aina ya pili inajaribu kuupita mlango huo. Jaribio la Rorschach, lililochapishwa mwaka 1921 na daktari Mswisi Hermann Rorschach, lina kadi 10 zenye madoa ya wino, na mtu huulizwa anaona nini. Kinachotazamwa si kile tu anachokiona bali jinsi anavyokiona: doa zima au kipande, umbo au rangi, kitu kilichotulia au kinachotembea. Si rahisi kwa mtu kujua ajibu nini ili apendeze. Udhaifu wake uko upande wa mpimaji: wapimaji wawili wanaweza kutoa tafsiri mbili kutoka majibu yaleyale.

Ainsworth alizifanyia kazi aina zote mbili za kipimo cha haiba, na alijua kasoro za kila moja. Hojaji za usalama hazikuweza kumtenganisha vizuri mtu mwenye utulivu wa kweli na yule aliyejifunga tu ili asiumie. Na zote mbili, hojaji na madoa, zilihitaji mtu anayeweza kusema. Kwa mtoto wa miezi minane hazina maana yoyote.

London

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, askari wa zamani aliyekuwa akisoma saikolojia, wakahamia London ili mume akamalize shahada yake. Mary alihitaji kazi, akajibu tangazo la gazeti. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kliniki ya Tavistock, kwenye kikundi cha daktari John Bowlby kilichochunguza athari za kuwatenganisha watoto wadogo na mama zao. Mwaka 1951 Bowlby alichapisha ripoti ya Shirika la Afya Duniani juu ya suala hilo.

Katika kikundi hicho aliyemvutia zaidi ni James Robertson, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa katika wodi na kuandika kila alichokiona kwa watoto waliolazwa bila wazazi wao. Robertson hakutumia jaribio lolote, alitumia macho na daftari. Ainsworth, aliyekuwa na miaka zaidi ya 10 katika vipimo, aliona kwamba daftari lile lilisema zaidi kuliko jedwali la alama, akaazimia kwamba akipata nafasi atafanya uchunguzi wake kwa njia hiyo.

Uganda

Nafasi ilikuja kwa njia ya mume. Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika ya Mashariki huko Kampala, iliyokuwa chini ya mwanaanthropolojia Audrey Richards. Mary alifika bila ajira, lakini taasisi ilimpatia fedha kidogo za utafiti na mkalimani. Alijifunza pia Kiganda kiasi cha kumwezesha kusalimiana na kufuata mazungumzo mepesi.

Alichagua familia 26 zenye watoto ambao hawajaachishwa ziwa, katika vijiji vya karibu na Kampala. Jumla ya watoto ilikuwa 28. Kila baada ya wiki mbili aliitembelea kila familia kwa muda wa saa mbili hivi, na uchunguzi uliendelea kwa miezi hadi tisa. Alikwenda alasiri, kwa kuwa ndio wakati ambapo wanawake wa Buganda hupokea wageni, akaketi sebuleni pamoja na mama, watoto na majirani. Hakwenda mikono mitupu: aliwapeleka akina mama na watoto kliniki kwa gari, na aliwasaidia kupata maziwa ya unga. Mtu aliyewahi kuhoji watu kijijini anajua kwamba bila kujali shida zao hutapewa ila majibu ya kukuondoa mlangoni.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza athari za kuachisha ziwa, maana alikuwa amesikia kwamba kwa desturi mtoto wa Kiganda alipelekwa kwa bibi au ndugu mwingine ili alisahau titi. Ilibainika kwamba desturi hiyo ilikuwa haifuatwi tena na wengi. Basi akageukia lile lililokuwa mbele ya macho yake: ni kwa hatua gani mtoto anaanza kumtofautisha mama yake na watu wengine wote?

Aliyoyaona yalimfanya abadili mawazo. Alikuwa amefundishwa, kama wengi wa wakati wake, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula, na kwamba mtoto mchanga ni mpokeaji tu. Watoto wa Buganda hawakuwa hivyo. Walitafuta, waliita, walifuata. Mtoto aliyeanza kutambaa alitoka kwa mama, akaenda kuchungulia vitu, akageuka kumtazama, akarudi, akaenda tena. Mama alikuwa kambi yake. Mama alipotoka chumbani alilia au kumfuata. Aliporudi, wengine walimpokea kwa kupiga makofi, salamu ambayo Ainsworth hakuja kuiona baadaye kwa watoto wa Marekani.

Watoto hawakuwa sawa. Aliwagawa katika makundi matatu: 16 walikuwa na mfungamano salama, 7 walikuwa na wasiwasi na walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na wengine. Alipotafuta sababu hakuona kwamba wingi wa walezi ndio unaoharibu. Alikubali wazi kwamba mtoto kulelewa na watu kadhaa si lazima kuzuie mfungamano mzuri. Kilichoonekana kuhusika zaidi ni muda ambao mama mwenyewe alimhudumia mtoto, furaha yake katika kunyonyesha, na jambo moja ambalo hakulitarajia: jinsi mama alivyoweza kumweleza mtoto wake. Mama aliyejua mambo madogomadogo ya mtoto, anapenda nini na anaogopa nini, na aliyeyaeleza bila kuulizwa mara mbili, mara nyingi alikuwa na mtoto mtulivu.

Jambo hili la walezi wengi lina uzito kwetu. Katika vijiji vya nyanda za kati za Tanzania, kwa mfano Haneti wilayani Chamwino, ni kawaida kumwona mtoto mgongoni mwa dada yake wa miaka minane au tisa wakati mama yuko shambani au amefuata maji. Vitabu vingi vya malezi vilivyoandikwa Ulaya katika miaka ya 1950 vingeliita jambo hilo upungufu. Ainsworth, aliyekuwa ameyaona ya namna hiyo, hakusema hivyo.

Kampala na vipimo vya uwezo

Wakati Ainsworth akiwa sebuleni na daftari, mwingine alikuwa Kampala na kipimo. Daktari Mfaransa Marcelle Geber, akishirikiana na R. F. A. Dean wa kituo cha utafiti wa utapiamlo, aliwapima watoto wachanga wa Uganda kwa orodha ya Gesell. Matokeo yake yalisambaa sana: watoto hao walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kukaza shingo, kukaa na kusimama, ila tofauti hiyo ilipungua baada ya kuachishwa ziwa.

Ili kuona uzito wa habari hiyo ni lazima kukumbuka yaliyotangulia. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alikuwa ametoa Nairobi jaribio la akili lililotungwa kwa ajili ya Waafrika, na katika miaka hiyohiyo daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alikuwa akidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa kuzaliwa. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyohiyo, aliandika kwa Shirika la Afya Duniani kitabu kilichodai mambo yanayokaribiana na hayo juu ya akili ya Mwafrika. Kwa hiyo kipimo kilichowaweka watoto wa Kampala mbele kilionekana kuwa jibu.

Lakini kipimo kilekile kilikuwa na tatizo lilelile. Baadaye madai ya Geber kuhusu watoto waliozaliwa siku chache tu yalitiliwa shaka kwa sababu ya namna walivyolinganishwa. Katika miaka ya 1970 Charles Super, akifanya kazi kwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, alionyesha kwamba mtoto hutangulia katika mambo yale ambayo watu wake humfundisha. Kule wanamfundisha kukaa na kutembea, naye hukaa na kutembea mapema; hawamfundishi kutambaa, na katika kutambaa hatangulii. Orodha ya hatua iliyoandikwa Yale ilikuwa inapima pia mafunzo ya nyumbani, bila kusema hivyo.

Baltimore na jaribio la Hali Ngeni

Mwaka 1955 akina Ainsworth waliondoka Uganda kwenda Baltimore, Marekani. Mary alipata kazi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na kupima wagonjwa, wakiwamo watoto, katika hospitali ya magonjwa ya akili. Wakati ule wanawake waliofundisha chuoni hapo hawakuruhusiwa kula chakula cha mchana katika ukumbi mmoja na wenzao wanaume, na ilimbidi apiganie mshahara unaolingana na ujuzi wake. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Hakupata watoto, ingawa alikuwa ametamani.

Daftari za Uganda zilikaa miaka kadhaa kabla ya kuchapishwa. Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na kitabu kizima, Infancy in Uganda, mwaka 1967. Katika kipindi hicho alianza uchunguzi wa pili, sasa kwa familia 26 za Baltimore. Yeye na wasaidizi wake walizitembelea nyumba hizo kila wiki tatu, saa nne kila mara, tangu mtoto akiwa na wiki tatu hadi baada ya mwaka mmoja: jumla ya saa 72 hivi kwa kila familia.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Watoto wa Baltimore hawakufanya nyumbani yale ambayo watoto wa Buganda walifanya. Mama akitoka chumbani wengi hawakujali, kwa kuwa walikuwa wamezoea kumwona akitoka na kuingia kutwa nzima. Je, Wamarekani hawana mfungamano? Ainsworth alidhani wanao, ila hauonekani mpaka mtoto awe na wasiwasi kidogo. Pamoja na Barbara Wittig alibuni hali ya kuuamsha. Hiyo ndiyo Hali Ngeni, na taarifa yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1969. Kwa hiyo jaribio hili maarufu lilitengenezwa ili kuwafanya watoto wa Marekani waonyeshe kile ambacho watoto wa Uganda walikionyesha bila kujaribiwa, jambo ambalo vitabu vya kiada hulisahau.

Jaribio huchukua dakika 20 hivi na lina sehemu nane. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingia chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia, mama hutoka, mama hurudi, mgeni huondoka, mama hutoka tena na mtoto hubaki peke yake, mgeni hurudi, mwishowe mama hurudi. Kila kipande ni cha dakika tatu au pungufu iwapo mtoto analia sana.

Wengi hufikiri kinachopimwa ni kilio cha mtoto anapoachwa. Sivyo. Kinachotazamwa zaidi ni jinsi anavyompokea mama anaporudi. Mtoto wa mfungamano salama humwendea, hutulia na kurudi kuchezea vitu. Mtoto wa kundi la kukwepa hugeuza uso, kana kwamba hakuna aliyeingia. Mtoto wa kundi la kusitasita hutaka kubebwa na papo hapo humsukuma mama kwa hasira, wala hatulii. Katika watoto 106 walioelezwa katika kitabu cha mwaka 1978, Patterns of Attachment, kilichoandikwa na Ainsworth pamoja na wanafunzi wake wa zamani, kiasi cha theluthi mbili walikuwa salama. Kundi la nne, la watoto wasio na mpangilio, liliongezwa baadaye na mwanafunzi wake Mary Main na Judith Solomon.

Dakika hizo 20 peke yake zisingekuwa na thamani kubwa. Thamani ilitokana na zile saa 72. Watoto waliokuwa salama chumbani walikuwa na mama ambao, nyumbani, waliziona ishara za mtoto, wakazielewa na kuzijibu kwa wakati. Ainsworth alitunga skala za alama 1 hadi 9 za kupima usikivu huo. Alifanya kama alivyofanya mwaka 1939: hakuiamini alama mpaka ailinganishe na maisha.

Si kipimo cha akili wala cha haiba

Kwa kuwa Hali Ngeni humwingiza mtoto katika kundi, watu wameitumia kana kwamba inasema mtoto ni mtu wa namna gani. Jerome Kagan na wengine walidai kwamba ndivyo ilivyo: kwamba kinachoonekana ni hulka ya kuzaliwa, wengine waoga na wengine wajasiri. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, maana hulka huathiri kiasi cha kilio. Lakini mwaka 1981 Mary Main na Donna Weston walionyesha kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa salama kwa mama na asiwe salama kwa baba, au kinyume chake. Kama lingekuwa jambo la haiba, lingemfuata kwa wote wawili. Jaribio linaelezea uhusiano wa watu wawili, na alama yake haiwezi kuandikwa kwenye cheti cha mtoto.

Ukosoaji mwingine ni wa mila. Karin na Klaus Grossmann walipata Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto katika kundi la kukwepa. Sapporo, Japani, wengi wa wasio salama walikuwa wa kusitasita, na hapakuwa na wa kukwepa. Mtoto wa Kijapani ambaye karibu hajawahi kuachwa peke yake hukutana na jaribio kali kuliko Mjerumani aliyefundishwa mapema kujitegemea. Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walijumlisha matokeo ya tafiti 32 kutoka nchi nane, wakaona kwamba kundi la salama ndilo lenye watoto wengi zaidi katika kila nchi, na kwamba tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko kati ya nchi na nchi. Katika orodha hiyo ya nchi nane hapakuwa na hata moja ya Afrika, ingawa utafiti wenyewe ulianzia Afrika.

Mwaka 2021 watafiti wapatao 70 wa mfungamano walitoa tamko la pamoja kuonya dhidi ya kutumia vibaya elimu hii mahakamani, hasa pale mtoto anapoondolewa kwa mzazi kwa sababu ya kundi alilowekwa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1975 Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia. Alistaafu mwaka 1984, lakini aliendelea na kazi kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wake, miongoni mwao Mary Main, Inge Bretherton, Everett Waters, Robert Marvin na Jude Cassidy, ndio walioueneza utafiti wa mfungamano duniani. Mwaka 1989 Shirika la Wanasaikolojia la Marekani lilimpa yeye na Bowlby kwa pamoja tuzo ya mchango wa kisayansi. Alifariki Charlottesville akiwa na umri wa miaka 85.

Utafiti wa baadaye Afrika ya Mashariki

Njia ya Ainsworth ilirudi katika ukanda huu kupitia Rosanne Kermoian na P. Herbert Leiderman, waliochunguza watoto 26 wa Wakisii, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Hawakuwaingiza watoto katika chumba cha vitu vya kuchezea. Jaribio lilifanyika nje ya nyumba ya mama, na lilihusisha mama, mgeni na pia mlezi wa pili, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto mkubwa wa familia. Salamu ilihesabiwa kwa desturi ya mahali: mtoto wa Kikisii huzoea kupewa mkono, kwa hiyo mtoto salama hakutazamiwa kukumbatia bali kuungoja mkono au kuunyosha wake. Asilimia 61 walikuwa salama kwa mama zao, kiasi kinachokaribiana na kile cha Buganda.

Watafiti hao waliwapima pia watoto hao kwa kipimo cha uwezo na kuangalia lishe yao, hivyo vipimo vya aina mbili viliwekwa bega kwa bega kwa mtoto yuleyule. Usalama wa mtoto kwa mama ulikwenda pamoja na lishe bora. Alama za kipimo cha uwezo hazikufuata uhusiano na mama; zilikwenda pamoja na usalama wa mtoto kwa yule mlezi wa pili aliyembeba na kucheza naye.